Makuruta wa Mwaka Kesho

Kila Desemba, watu wengine wakihangaika na kuku wa Krismasi na tiketi za basi, Afande, askari mstaafu jirani yangu, alikuwa anafanya paredi ya mimea. Sikutanii. Alipanga uani kwake mikebe ya rangi, madebe, majagi yaliyovunjika mikono, matairi na magunia, kila kimoja na mche wake, mistari imenyooka kabisa. Halafu alitoka ndani na shati lililopigwa pasi, buti zinang'aa, fimbo kwapani. "Paredi!" anapiga kelele. "Mguu sawa!" Na sisi majirani tuliosimama kwenye uzio tunajikuta tumebana visigino, hata Nnalongo, yule mama wa mapacha wa nyumba ya pili, mwenye magoti mabaya, ambaye jeshi ameliona kwenye televisheni tu.

Mstari wa mbele ndio uliokuwa na maneno. Hao aliwaita makuruta wa mwaka kesho: mimea mipya, ambayo hakuna mtu mtaani aliyewahi kuipanda, aliyoiwinda mwaka mzima kwa wauza miche wa kando ya barabara na kwenye yale makundi ya simu ya wapenda bustani. Alipita mbele ya kila kuruta, akasema jina lake, ametoka wapi, anakula nini, anaogopa nini. Mwisho alitangaza: mwaka kesho ni mwaka wa kitu fulani. Na mtaa mzima ulipanda kitu hicho. Huku kwetu upande wa Nakawa, mambo ya fasheni ya bustani hatukuyangoja kwenye redio, tulimngoja mzee wetu.

Lakini kuna paredi moja ambayo haikuwa ya kuchekesha hata kidogo. Siku hiyo Afande alikuwa anapigania kubaki nyumbani kwake. Nitaifikia. Kwanza nataka umjue, maana ukimjua ndipo utaelewa kwa nini mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nilisimama pale nimeng'ang'ania uzio.

Mimi kazi yangu ni kushona. Nilikuja Kampala kutoka Bukavu na watoto na cherehani, nikapanga chumba kinachotazamana na ua wake. Veranda yangu imegusana na uzio wake, kwa hiyo miaka yote hii nimeshona huku namtazama Afande, na mashati mengi ya shule hapa mtaani yana mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake kwa sababu hiyo. Wateja wangu wameshazoea, Mungu awabariki.

Wiki ya kwanza nilipanda lenga-lenga, mchicha wetu wa nyumbani, kwenye kavera, ile mifuko ya plastiki ya sokoni. Nikauegemeza kwenye uzio upate jua. Asubuhi nikakuta mzee mrefu amechuchumaa mbele yake, mikono magotini, anautazama bila kupepesa.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yangu, Afande." Hakuna aliyenifundisha kumwita hivyo. Ukimwona tu unajua.

"Iko na kibali?"

Ee Mungu wangu. Mkimbizi akiulizwa kibali, hacheki. Nikaanza kueleza karatasi zangu zote, ofisi niliyoambiwa nirudi na ile niliyoambiwa nisirudi, mpaka akainua mkono.

"Si wewe, mama. Hii." Akanyooshea kidole lenga-lenga. "Hapa hakuna mumea anaingia kambini bila kupimwa. Anaweza kuleta wadudu. Anakaa kule pembeni peke yake mpaka mimi naona iko muzima. Halafu tunasajili."

Nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye vumbi. Yeye hakucheka. Alibeba kavera yangu kwa mikono miwili, akaipeleka nyuma ya bafu, kwenye kile alichokiita karantini. Ilipotoka huko ilikuwa imenenepa. Tangu siku ile akaniita Mama Congo, na mimi nikajua nimepata jirani.

Vyeo aligawa kwa haki. Mmea mpya ni kuruta. Ukivuka kiangazi bila kuomba-omba maji, unakuwa koplo. Ukizaa, sajenti. Ile mimea ya majani marefu magumu yanayosimama wima, ambayo mwaka mmoja kila nyumba ya Kampala ilikuwa nayo sebuleni, yeye aliiweka getini, mmoja kulia, mwingine kushoto, akasema hao ni walinzi na wasiongeleshwe wakiwa kazini. Mujaaja, yale majani ya chai ambayo Baganda wanayapenda, alikuwa mpishi. Na mche ukikosa adabu, yaani ukigoma kukua bila sababu, aliugeuzia ukutani. Nimeona kwa macho yangu pilipili hoho imeadhibiwa hivyo, na wiki iliyofuata imetoa maua. Usiniulize kwa nini.

Makosa alifanya, tena ya kijeshi kabisa. Mwaka wa kaktasi, wakati vijana wote walikuwa wanaweka kaktasi ndogo-ndogo dirishani, Afande alipata kundi zuri, zote za duara, zimejaa miiba. Akazimwagilia kila alfajiri pamoja na nyanya. Muuza miche alikuwa amemwambia kaktasi hataki maji. Afande akakataa. "Kambini chakula ni kimoja," alisema. "Ukimpa huyu na huyu unamunyima, kesho uko na maasi." Kaktasi zikavimba, zikalainika, zikaoza zote, moja baada ya nyingine, nyanya wanatazama. Nilitaka kucheka lakini nilipomwona amekaa na mkebe mapajani nikaacha. Alikuwa anaukanda udongo na vidole, taratibu, anasema kwa sauti ya chini kitu cha Kiacholi. Baadaye akaniambia, "Nimeua watoto kwa sababu ya usawa." Kwa muda mrefu baada ya hapo hakutaka tulitaje neno kaktasi.

Watu aliwafokea. Mimea aliinong'oneza. Hilo lilimshangaza kila mtu aliyemjua kwa mbali. Boda akipita na kelele getini atafokewa mpaka afike barabara kuu, kisha mzee anageuka na kumwambia mche wa biringanya, pole pole, "Usiogope, ameenda." Nnalongo alimcheka. "Afande, hiyo maua yako utaioa rini?" alimuuliza, maana alimwona amekaa muda mrefu mno na mche mmoja. Afande akajibu kwamba maua ni raia, na yeye na raia hawana maneno mengi.

Jambo jingine lake, nalo hili sijawahi kulielewa mpaka leo: mtu aliyependa mimea mipya hivyo, maishani mwake hakutaka kitu kipya chochote. Redio ileile, imefungwa na mpira wa baiskeli. Sufuria ileile. Buti zile zilishonwa na fundi mpaka fundi mwenyewe akastaafu. Na chakula chake kilikuwa malakwang, zile mboga chachu za kwao kaskazini, na ufuta uliosagwa na viazi vitamu, leo, kesho, na Pasaka. Mwaka wa stroberi, mtaa mzima ulikuwa na stroberi kwenye chupa zilizokatwa na kuning'inizwa ukutani, watoto wana midomo myekundu, mimi nikamletea bakuli. Akalirudisha.

"Afande, ni zako mwenyewe hizi! Onja."

"Mama Congo," akasema, ameudhika kweli, "wewe unaweza kula mutu umemufundisha?"

Kwa hiyo hakuwahi kuonja kuruta yeyote. Uyoga wa kwenye mifuko, mboga za zambarau, lile tunda la dragoni ambalo kila mtu alikuwa analiongelea na ambalo mmea wake ulipanda juu ya paa la choo chake, yote aligawa. Mwaka ule vijana wa simu walipoleta habari ya kulima bila udongo, mizizi inaning'inia kwenye maji matupu ndani ya bomba, alikwenda kutazama kwa mtu mmoja karibu na soko. Alirudi moja kwa moja uzioni kwangu. "Nimeona," aliniambia. "Wako ndani ya paipu, wamepangwa, wanapewa maji tu. Ile si bustani, Mama Congo, ile ni jela." Hiyo ndiyo fasheni pekee aliyoikataa kwa maneno mbele yangu. Ya pili ilikuwa nyasi za plastiki, lakini hiyo hata hakuitolea maneno. Aligusa kipande kwa ncha ya buti, akaondoka.

Alikuwa na binti. Kulikuwa pia na mwana wa kiume Gulu, mwenye nyumba kubwa na mke mwema, lakini binti ndiye aliyekuwa karibu, anafanya kazi ofisi moja huku eneo la viwanda, anakaa Kawempe. Alikuja Jumamosi kadha wa kadha na viatu vyenye kisigino na manukato ambayo yalimtangulia getini. Watoto wa kambi za jeshi hukua na Kiswahili, kwa hiyo aliongea na mimi vizuri, akiniita Anti. Juu ya nyusi yake ya kushoto alikuwa na kovu. Afande alinisimulia habari ya lile kovu mara nyingi kuliko habari yoyote ya vita au ya kazi. Binti akiwa mdogo, alikimbia kwenye uwanja wa kambi, akajigonga na bomba la maji, pakafunguka hapo, damu mpaka kwenye gauni. "Wanawake wote wanalia," alisema Afande. "Yeye hapana. Amesimama. Mimi natoka kazini, nafika, ananiona, ndio sasa analia." Kila aliposimulia alimalizia hapo hapo, kisha akarudi kumwagilia.

Sasa macho.

Nilianza kuona kabla yeye hajakubali. Maji yalikuwa yanamwagika kando ya mkebe. Asubuhi moja alisalimia gunia la viazi lililokuwa kwa Nnalongo, akaliuliza habari za magoti. Halafu akaacha kutaja rangi. Huyu ambaye zamani angekueleza wekundu wa jani mpaka uchoke, sasa alisema tu, "Huyu ni mulaini," au "Huyu iko na manyoya." Nikamwambia waziwazi, maana mimi si mtu wa kuzunguka. "Afande, weye unaona?"

Akafikiri. "Asubuhi naona kidogo. Jioni ni kama mutu amezima jenereta."

Kliniki walimwambia ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Alirudi nyumbani akaniambia hilo kupitia uzio, halafu akaniomba nisimwambie binti. Nilikubali, na sijutii. Lakini binti hakuwa mjinga. Jumamosi moja alimkuta baba yake amejikwaa kwenye matairi, goti limechubuka, anatafuta fimbo iliyokuwa mbele yake.

Wiki iliyofuata likaja lori, likashusha pevazi. Unazijua, zile tofali bapa za saruji wanazotandaza uani siku hizi mpaka Kampala nzima imekuwa kama kituo cha petroli. Zikarundikwa kando ya geti, juu mpaka kifuani. Binti akanifuata verandani, akakaa kwenye kibao cha wateja, akavua viatu.

"Anti, usinichukie," alisema. "Akianguka pale katikati ya madebe, usiku, nani atamsikia? Akivunjika nyonga? Kaka yangu amesema aende Gulu, chumba kipo. Hapa tutandaze, tusafishe, tupangishe. Mimi silali, Anti."

Nilitaka kumchukia ili kazi yangu iwe rahisi. Nilishindwa. Alikuwa anasema kweli, na mikono yake ilikuwa inacheza na uzi wangu mpaka akaufunga mafundo. Nilimwambia kwamba akimtoa mzee pale na kuitupa ile mikebe, atakuwa amempeleka Gulu mwili tu. Akasema anajua. Akasema ndiyo maana halali.

Walizungumza wao kwa wao jioni ile, na mimi niliwasikia, sitadanganya, kwa sababu Afande hakujua kubishana na binadamu kwa sauti ya chini. Makubaliano yalikuwa hivi: paredi ya Desemba ataifanya mwenyewe, mstari hadi mstari, bila fimbo ya kupapasia na bila kushikwa mkono. Akiimaliza salama, anabaki na uani kwake hakuguswi. Akianguka, au akishindwa kumtambua kuruta mmoja tu, Januari anapanda basi.

"Sawa," alisema Afande. "Hiyo ni ukaguzi. Mimi nimekaguliwa na wakubwa zaidi ya wewe."

"Baba, si mchezo."

"Nani anacheza?"

Tangu siku hiyo, kila asubuhi nikiwa na cherehani niliona akifanya mazoezi. Alitembea peku ili miguu ijue njia. Alianguka, akaamka, akapangusa magoti, akarudia. Mara moja niliona anaelekea kwenye debe, nikakohoa. Akasimama palepale.

"Mama Congo."

"Naam, Afande."

"Siku ya ukaguzi, hapana kohoa. Hata kama naenda kuanguka. Ukikohoa, nimebaki kwa wizi."

Nikaapa. Nikaenda ndani kulia, kwa sababu nilimpenda huyu mzee, wacha niseme tu, nilimpenda kama mtu anavyompenda baba aliyempata ukubwani, na nilijua kwamba mtaani kwetu akiondoka yeye nitakuwa mgeni upya.

Na makuruta? Hapo ndipo utajua kichwa chake. Mwaka mzima, kimyakimya, alikuwa amekusanya mimea ya kunukia. Rozimari kutoka kwa muuza miche wa karibu na Nakivubo. Mnanaa wa aina ambayo hatujawahi kuiona, unanuka kama chokoleti. Kisubi, zile nyasi za chai zenye harufu ya limau. Jeranimu ambayo ukiikuna inanuka ndimu. Lavenda, mche mwembamba mwenye huzuni, aliyemlea nyuma ya bafu mpaka akachangamka. Hata kabla ya Desemba alikwisha kumdokeza Nnalongo kwamba mwaka kesho fasheni ni harufu, rangi zimepitwa na wakati, na Nnalongo akaeneza kama kawaida yake. Watu wakaanza kung'oa maua yao mekundu. Vijana wa makundi ya simu nao wakasema eti kweli, huko kwingine pia watu wanatafuta harufu. Mimi peke yangu nilijua ni kwa nini rangi zimepitwa na wakati. Nilifunga mdomo.

Siku yenyewe ikafika, Jumamosi, mchana kweupe. Uzio ulijaa. Afande akatoka, shati limenyooka, buti zinang'aa, macho mbele. "Paredi! Mguu sawa!" Tukabana visigino. Nilitafuta manukato ya binti, sikuyasikia, nikafikiri amechelewa na foleni.

Kumbe alikuwa amekwisha kuingia. Alipita nyuma ya nyumba, na sandali za chini, na gauni la kazi za nyumbani, bila tone la manukato. Akaenda taratibu mpaka mwisho wa mstari wa mbele, baada ya mkebe wa mwisho, akasimama hapo, mikono ubavuni, kama kuruta. Akatutazama sisi wa uzioni, akaweka kidole mdomoni.

Damu ilinichemka. Nikasema moyoni, huyu mtoto ana roho gani? Huo si ukaguzi, huo ni mtego. Kikohozi kilinijia mpaka kooni, nikakimeza. Nilikuwa nimeapa.

Afande akaanza. Akainama, akashika jani, akalisugua kati ya vidole viwili, akavuta pumzi. "Kuruta rozimari. Anatoka mbali, hapendi maji mengi, mimi nimejifunza." Watu wakacheka, walikumbuka kaktasi. Hatua moja. "Kuruta munanaa. Huyu usimufungulie, atachukua kambi yote." Hatua. Kisubi. Jeranimu. Buti ziligusa kila mkebe kidogo sana, na mtu asiyejua angefikiri ni maringo. Kwa lavenda alikaa zaidi. "Huyu alikuwa anakufa," alisema, "na akakataa." Nilikuwa nimeshika uzio kwa mikono yote miwili. Mkebe wa mwisho. Mujaaja, mpishi, aliyepandishwa mstari wa mbele kwa heshima. Akamtaja. Kilichobaki ni kugeuka nyuma na kutangaza mwaka.

Hakugeuka.

Alisimama, kichwa kimeinama kidogo upande. Akanyoosha mkono mbele, ukagusa nguo. Akashika ukingo wa mkono wa gauni, akausugua kati ya vidole viwili, akaleta vidole puani.

"Huyu hana harufu," akasema.

Mtu mmoja akacheka, akidhani ni sehemu ya mchezo. Nnalongo akampiga kofi la bega.

"Nani amesimamisha huyu hapa?"

Binti alikuwa amekaza taya, anatazama mbele kabisa, wala hakupumua. Mkono wa mzee ukapanda polepole, bega, shingo, shavu, ukafika kwenye nyusi ya kushoto, na kidole gumba kikasimama juu ya lile kovu. Kikakaa hapo. Kikapita juu yake tena, huku na huku.

"Huyu si kuruta," akasema Afande, na sauti ya paredi ilikuwa imemwishia, ilibaki ile ya kunong'oneza miche. "Huyu iko na mimi tangu zamani."

Binti akazidi kubana visigino.

"Basi," akamwambia, kidole bado kiko pale. "Nimefika. Nimekuona. Sasa lia."

Na akalia. Mtoto wa watu akamwangukia baba yake kifuani, analia kwa sauti kama msichana wa shule, pale mbele ya mtaa mzima, na buti la mzee likapiga mkebe wa mpishi ukaanguka, harufu ya mujaaja ikasambaa uani kote. Sisi kwenye uzio tukawa hatuna pa kutazama. Nnalongo alijifuta kwa ncha ya gomesi yake, lile gauni refu la Kiganda. Mimi nilikohoa kikohozi changu chote.

Baada ya muda mzee akauliza, "Huyo ameanguka ni mukebe ama ni mimi?"

"Ni mkebe, Baba."

"Basi ukaguzi umekwisha. Mwaka kesho ni mwaka wa harufu. Tawanyika!"

Januari mafundi walikuja. Niliwaona wanabeba pevazi kuingia nazo ndani, nikasimamisha cherehani, nikasema ndiyo hivyo, wamegeuka, yamekwisha. Lakini binti alikuwepo, amevaa buti za mpira, anaelekeza. Walitandaza njia moja tu nyembamba, upana wa mtu mmoja, kutoka mlangoni mpaka kwenye bomba, kisha kando ya kila mstari wa mikebe. Pembeni mwa njia udongo ulibaki udongo. Nusu ya pevazi ikabaki, akampa Nnalongo akafanyia ngazi ya magoti yake. Mzee alitembea juu ya ile njia peku siku ile ile, mbele na nyuma, mpaka mafundi wakamwomba awapishe wamalize.

Wiki iliyopita nilivuka kwenda kwake na chupa ya chai. Haoni kitu tena sasa, wala asubuhi. Alikuwa anamwagilia, anahesabu kwa nyayo, na maji yalikuwa yanaingia ndani ya mikebe. Nikashika kopo nimsaidie upande wa pili. Nikamuuliza mwaka kesho utakuwa mwaka wa nini, niwe wa kwanza kujua angalau mara moja.

"Mwaka wa sauti," akasema. "Harufu tumemaliza. Nataka makuruta wanaongea. Kuna mianzi midogo ya mukebe, upepo ukipita inasema. Kuna ile ya maganda makavu, mbegu zinacheza ndani. Hata mahindi, Mama Congo, watu wamesahau, mahindi inapiga kelele nzuri sana."

Nikamuuliza hapo Nnalongo atalala saa ngapi. Akacheka, kicheko chake kifupi. Tulifika mwisho wa mstari wa mbele, na nikaona baada ya mpishi kuna nafasi, pevazi moja tupu, imefagiwa. Nikachukua mkebe wa miche ya mianzi uliokuwa kando ya njia, nikainama niuweke hapo.

"Hapana hapo," akasema kabla mkebe haujagusa chini.

"Pana mtu?"

"Jumamosi pana mutu."

Ilikuwa Jumamosi. Geti likalia. Halafu nikasikia visigino vya viatu kwenye pevazi, vinakuja, vikapunguza mwendo, vikasimama, na nikasikia viatu vinavuliwa. Afande aliweka kopo chini. Akavuta shati likanyooka, akapangusa mikono kwenye suruali, akainua kidevu.

"Mama Congo," akaninong'oneza, "mguu sawa."

Nikabana visigino, chupa ya chai mkononi, na yeye akaanza kutembea.